Msiseme wauguzi hawapatikani: mnawaajiri kwa kusuasua, kisha mnawachosha hadi waondoke

Wanajukwaa, salaam.

Jumatatu nilikabidhiwa barua ya kunitaka nijieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini nilibadilisha ratiba ya zamu ya wodi ninayoisimamia bila idhini. Kosa langu ni kwamba nilifuta jina la muuguzi mwenye wiki tatu kazini, ambaye alikuwa amepangwa kuingia usiku peke yake na wagonjwa 34, nikaandika la kwangu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, ingawa nitajitahidi kulieleza jambo lenyewe kwa utaratibu ili hata asiyefanya kazi hospitalini aelewe tunachokilalamikia.

Katika kila kikao tunaambiwa kwamba wauguzi hawapatikani. Maneno hayo si ya kweli, na wanaoyasema wanajua. Wauguzi wapo. Wamesoma kwa miaka yao, wamemaliza mafunzo ya vitendo, wamefaulu mtihani wa leseni, na sasa wako majumbani wakisubiri tangazo la ajira. Kisichopatikana ni fungu la mishahara yao. Ikama ya wodi yangu, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, inataka wauguzi 16, nasi tuko 9. Zile nafasi 7 zimeandikwa vizuri kwenye jedwali lenye muhuri, lakini nafasi isiyo na fungu la mshahara ni sawa na kitanda kilichochorwa ukutani: mgonjwa hawezi kukilalia.

Wala si hospitali yetu tu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu hali ya uuguzi, iliyotolewa 2025, inahesabu wauguzi milioni 29.8 duniani kwa mwaka 2023 na upungufu wa milioni 5.8. Ripoti hiyohiyo inaeleza jambo ambalo viongozi wetu hulipita haraka wanaponukuu takwimu: katika nchi za kipato cha chini idadi ya wahitimu inaongezeka kwa kasi kuliko katika nchi tajiri, lakini ongezeko hilo haliwafikii wagonjwa, kwa sababu watu wanaongezeka haraka zaidi na nafasi za ajira ni chache. Kwa maneno mengine, serikali inaweza kujaza vyuo na bado ikaacha wodi tupu, kisha ikajisifu kwa idadi ya waliohitimu.

Tuseme fungu limepatikana. Hapo huanza safari ya karatasi: tangazo, maombi, uhakiki wa vyeti ambavyo vilishahakikiwa na baraza lililotoa leseni, usaili, kibali, barua ya ajira, kupangiwa kituo, na kila ofisi inasubiri ofisi nyingine ianze. Wakati huo waajiri wa ng'ambo na hospitali binafsi hawasubiri mtu. Wanawafuata vijana kabla hata vyeti vyao havijatoka, na wanaanza na wale hodari. Muuguzi 1 kati ya 7 duniani alizaliwa nje ya nchi anayofanyia kazi, na katika nchi tajiri kiwango hicho ni asilimia 23; sidhani kama wote hao waliondoka kwa sababu hawaipendi nchi yao. Kwa wanaobaki wakisubiri, ujuzi nao hauwasubiri. Mkono uliozoea kutafuta mshipa hupoteza wepesi, macho yaliyofunzwa kumtambua mgonjwa anayezidiwa kabla mashine haijalia hupoteza ukali, na leseni inataka kulipiwa upya na mtu ambaye hana kipato. Anapoitwa hatimaye, mfumo unamshangaa kwamba amesahau mambo.

Mwaka uliopita tulipokea binti mmoja wa aina hiyo. Faili lake la ajira lilichukua miezi 14. Mwezi wa kwanza hakulipwa kwa sababu jina lake halikuwa limeingizwa kwenye orodha ya mishahara. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu, hadi mwezi wa tano. Katika muda huo wote alikuwa akiombaomba nauli kwetu kwa aibu kubwa, na hakuchelewa zamu hata siku moja. Wiki ya nne alipangwa usiku peke yake. Usiku huo wagonjwa wawili walizidiwa kwa wakati mmoja, daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji, na binti yule akalazimika kuchagua ni nani amkimbilie kwanza. Yule wa pili alifariki. Huenda angefariki hata kama tungekuwa watatu, nami nilimwambia hivyo asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu, lakini alikuwa ameketi kwenye benchi la kubadilishia nguo akirudia sentensi moja: "Sista, nilijitahidi." Hakuna aliyeketi naye kulizungumza tukio lile isipokuwa mimi, kwa dakika kumi, huku simu ya wodi ikilia. Alichoandikiwa na ofisi kilikuwa fomu ya kueleza kwa nini chati za saa tisa usiku hazikujazwa.

Baada ya miezi kadhaa aliandika barua ya kuacha kazi. Barua hiyo ilisainiwa siku hiyohiyo. Nataka msomaji alitafakari hilo: miezi 14 kumwingiza mtu, mchana mmoja kumtoa, na katika mchana huo hakuna ofisa aliyemwuliza hata kwa kuigiza ni nini kilichomkimbiza.

Wanaotuongoza husema kizazi hiki hakina uvumilivu. Nimelisikia neno hilo mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuliamini, na nakiri kuwa miaka ya nyuma hata mimi nililitumia. Lakini mshtuko anaoupata muuguzi mpya anapotoka darasani, alikofundishwa kumhudumia mgonjwa ipasavyo, na kuingia wodini asikopata muda hata wa kumgeuza, ulikwisha kuelezwa na mtafiti wa uuguzi Mmarekani, Marlene Kramer, mwaka 1974. Hao aliowachunguza leo ni bibi zetu. Kama kosa lingekuwa la kizazi, lingekuwa limestaafu.

Na dawa yake inajulikana. Muuguzi mpya anahitaji mlezi kazini: muuguzi mzoefu mmoja, anayejulikana kwa jina, anayeingia naye zamu zilezile kwa miezi ya mwanzo, na ambaye idadi ya wagonjwa wake imepunguzwa ili apate nafasi ya kufundisha. Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kila mahali. Kwetu, mlezi huteuliwa kwa barua nzuri, anabaki na wagonjwa wake wote, kisha anaongezewa mwanafunzi. Matokeo yake mzoefu anamwona mgeni kama mzigo, mgeni anaogopa kuuliza, na dozi isiyoulizwa ndiyo inayotuletea maafa. Nimewafundisha wapya wengi kiasi kwamba siwezi tena kuwahesabu, na kila anayeondoka anabeba saa zangu ambazo sitalipwa wala kurudishiwa. Wazoefu wanachoka na kazi, lakini wanachoka zaidi na kuanza upya kila msimu na uso mwingine.

Kuhusu idadi ya wagonjwa kwa muuguzi mmoja, sitaki mtu aniambie ni suala la hisia. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30, na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchoka kupita kiasi na kazi yake. Ndiyo kusema kinachomwua mgonjwa ndicho hichohicho kinachomfukuza muuguzi. California ilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha wagonjwa kwa muuguzi mwaka 1999 na ikaanza kuitekeleza 2004. Sisi tunaambiwa kikomo kitaifanya hospitali ishindwe kupokea watu, kana kwamba mgonjwa aliyelazwa bila mtu wa kumtazama amepokelewa.

Kisha kuna lile neno "wito". Kila tukidai malimbikizo ya posho, kupandishwa madaraja yaliyosimama kwa miaka, au glavu tu, tunakumbushwa kwamba uuguzi ni wito. Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunavalishwa fulana na kusomewa hotuba juu ya moyo wetu wa kujitolea. Sikatai wito, bila huo ningekuwa nimeondoka zamani. Ila nimegundua kwamba neno hilo hatajiwi mhasibu anayechelewesha mishahara wala ofisa anayelalia faili. Tangu 1977 upo Mkataba Na. 149 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao unazitaka serikali ziwape wauguzi elimu, mazingira ya kazi, matarajio ya kupanda ngazi na malipo yatakayowavutia watu kuingia katika fani na kubaki humo. Maneno "kuvutia" na "kubaki" yamewekwa pamoja, na wito haukutajwa kama mbadala wa malipo. Nchi nyingi bado hazijauridhia.

Sasa nasikia ofisi inataka kuwafunga wapya kwa mkataba wa kutumikia miaka kadhaa, atakayeondoka mapema alipe gharama. Hilo nitalisema kwa ufupi: mkataba unaweza kuushikilia mwili wa mtu wodini, lakini muuguzi anayehesabu siku za kutoka hatamfundisha anayekuja baada yake. Wangeanza na mambo madogo yaliyo mikononi mwao. Jina liingizwe kwenye orodha ya mishahara kabla mtu hajaripoti. Anayepelekwa vijijini aambiwe mapema atalala wapi na atahamishwa lini. Anayeacha kazi aulizwe sababu, na jibu lake lisomwe na mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha kitu. Na asiingie usiku peke yake mtu ambaye bado anajifunza kabati la dawa za dharura liko upande gani.

Majibu yangu yanatakiwa Jumatatu ijayo. Nimeandika ukurasa mmoja, nimeambatanisha nakala ya ratiba kama ilivyotoka ofisini, idadi ya wagonjwa wa usiku ule, na nakala ya barua ya yule binti ya kuacha kazi, ambaye ameniruhusu kuitumia. Huyu mpya niliyemfuta jina alikuja kunishukuru, nikamwomba asinishukuru, kwa sababu ratiba ya mwezi ujao imetoka na ameandikwa tena usiku, peke yake, mara nne.