Hema la bei nafuu kwa familia ya watu watano, Mikumi na Ngorongoro: litatosha?

Mama Watatu wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Shule zikifunga mwezi wa sita tunataka kupiga kambi usiku mbili Mikumi, kisha usiku mmoja Ngorongoro pale kambi ya Simba. Tuko watano, watoto wana miaka 4, 8 na 11. Tunatumia gari letu, kwa hiyo uzito si shida, ila nafasi ni finyu.

Nimeona seti ya bei rahisi: hema limeandikwa "watu 6", kitambaa cha poliesta chenye kipimo cha milimita 1,000, fito za faibaglasi, na kifuniko cha juu kinachoishia katikati ya ukuta. Humo humo kuna mabegi ya kulalia yaliyoandikwa "nyuzi 0" na godoro la upepo. Vyote kwa pamoja havifiki nusu ya bei ya hema moja la kampuni yenye jina. Sisi tutapiga kambi mara moja au mbili kwa mwaka, si zaidi.

Ninunue, au ndiyo zile rahisi zinazokuja kuwa ghali?

Fundi Turubai

Dada, Mikumi hata usijiulize, litatosha. Kule ni kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari na Juni ni kiangazi. Kazi ya hema ni kuzuia mbu na umande. Mtihani uko Simba. Kambi ipo kwenye ukingo wa kreta, karibu mita 2,300, na wakati wa kipupwe ukungu unapita pale ukisukumwa na upepo mpaka kila kitu kinadondosha maji.

Hiyo 1,000 isikutishe. Maana yake kitambaa kinahimili maji ya kina cha mita moja kabla hayajapenya, na mvua ya kawaida haifiki huko. Maji huingilia kwenye mishono, matundu ya sindano. Ligeuze hema ndani nje, ulitazame dhidi ya jua. Ukiona utepe mwembamba unaong'aa umepita juu ya mshono, limezibwa kiwandani. Usipouona, ziba mwenyewe kwa gundi ya poliurethani, kwa sababu kitambaa chenyewe mara nyingi kimepakwa hiyo hiyo. Silikoni ya madirisha haishiki hapo, itabanduka kama ngozi ya nyoka. Paka kwa brashi mstari wa upana wa sentimita moja, acha usiku kucha, halafu nyunyiza poda ya watoto kidogo ili hema lisigandane ukilikunja.

Kasoro yenyewe hasa ni kile kifuniko kifupi. Mvua ya wima kitaizuia, lakini ukungu wa upepo unapita chini yake na kuingia kwenye wavu. Dawa yake ni turubai la mita 4 kwa 6 lililofungwa juu ya hema, upande wa upepo likishushwa karibu na ardhi. Acha shubiri moja au mbili kati yake na hema hewa ipite. Watu watano wakilala humo, pumzi zao peke yake zinatoa lita nzima ya maji na ushee kwa usiku mmoja. Asubuhi ukikuta kuta zimelowa kwa ndani, usikimbilie kusema hema linavuja. Ulifunga madirisha yote.

Fito za faibaglasi huvunjika pale pale siku zote: sentimita chache kutoka kwenye kiungo cha chuma. Sababu ni kwamba mtu anaanza kukunja upinde kabla kiungo hakijaingia hadi mwisho, au anavuta fito badala ya kuisukuma ikiwa ndani ya mfereji wake wa kitambaa. Beba kipande cha bomba la alumini cha sentimita 12 kinachopita juu ya fito, pamoja na tepu ngumu. Ikipasuka, sukuma bomba mpaka lifunike ufa, zungushia tepu pande zote mbili, mwendelee na safari. Usiishike faiba iliyochanika kwa mikono mitupu, ina miiba isiyoonekana.

Vigingi vinavyokuja na seti, wape watoto wachezee. Ni waya. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, mwambie akukatie nondo ya milimita 8, vipande vya sentimita 35, akunje ncha moja iwe ndoano na anoe nyingine. Nondo moja ya mita 12 inatoa 34. Wewe unahitaji kama 16, vingine mgawie jirani. Vipigilie vikiinamia mbali na hema, kamba ishuke kwa nyuzi 45 hivi.

Na hilo neno "watu 6" ni watu waliopangwa kama dagaa. Hesabu sentimita 60 kwa kila mtu kisha pima sakafu. Ya mita 3 kwa 3 inawatosha nyinyi watano na mabegi. Ikiwa 2.4 kwa 2.1, hilo ni la wanne hata kama wameandika kumi.

Kipupwe

Fundi kamaliza ya juu, mimi niseme ya chini, maana baridi ya Simba inatoka ardhini. Usiku wa Juni pale joto linashuka chini ya nyuzi 10 bila shida.

Godoro la upepo liache nyumbani. Ndani yake kuna hewa tupu inayozunguka: inapoa upande wa ardhi, na kila ukijigeuza inachanganyika na kukupoza mgongo usiku kucha. Na likitoboka saa nane za usiku mmelala sakafuni. Sponji ya inchi 2 au 3 inashinda kwa mbali, na ya kawaida ya dukani inafaa. Tatizo lake ni ujazo. Zikunje, zikaze kwa mpira wa baiskeli, zifunge kwenye keria zikiwa zimeviringishwa ndani ya lile lile turubai la Fundi.

Chini ya hema tandika turubai jingine dogo, ila lisichungulie nje ya sakafu hata kidole. Likichungulia linakinga maji ya mvua na kuyapeleka chini yenu. Watu wengi wanalaumu hema kwa kosa hili.

Kuhusu "nyuzi 0": mabegi ya maana huonyesha kipimo zaidi ya kimoja. Kimoja ni cha kulala kwa raha, kingine ni kile ambacho ukikifikia unapambana kubaki hai. Ya bei rahisi mara nyingi yanaandika hicho cha pili peke yake, kwa herufi kubwa. Lichukulie kama begi la nyuzi 12 au 15, ongeza blanketi zito moja kwa kila mtu. Mtoto wa miaka 4 alale katikati yenu. Kofia na soksi kavu, hizo za kulalia tu. Chupa ya maji ya moto ndani ya soksi, miguuni, inafaa kuliko jaketi la pili.

Mtoto wa Sakina

Mimi napingana kidogo. Usiku mmoja wa baridi kwa mwaka haukulazimishi kununua begi wala hema la milimani. Mkipitia Arusha, kuna wanaokodisha vifaa vya wapanda mlima. Nunua hilo la rahisi kwa Mikumi na safari nyingine za joto, mabegi ya Ngorongoro kodi. Kagua zipu kabla hujalipa: ifungue na kuifunga mara tatu, na ulinuse begi ndani.

Mpishi wa Porini

Jikoni hakuna haja ya kununua chochote cha kambi. Sufuria za nyumbani na mtungi wa kilo 6 wenye jiko la kufunga juu vinatosha. Mtungi usafirishwe umesimama, valvu imefungwa, jiko limetolewa. Mtungi ukiwa na jiko juu ni mrefu na unapinduka kirahisi, kwa hiyo sufuria kubwa ya lita 10 isikae pale.

Pale Simba maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi. Maharage mabichi mtayasubiri mpaka kesho. Chemsha nyumbani, gandisha, na yakiwa barafu yatawapozea nyama kwenye kasha njiani.

La mwisho nalisema kwa sauti: jiko la mkaa lisiingie hemani, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata kwa dakika za "kupasha joto watoto wakalale". Moshi ukiisha ndiyo mtu anadhani ni salama, kumbe karboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Gesi vilevile. Kambi ya Simba ina banda la kupikia, pikeni humo.

Mama Watatu wa Tabata

Asanteni sana, nimeandika yote. Maswali mawili. Nitajuaje linavuja kabla ya kusafiri? Na wanyama: hema jepesi namna hii, nyani au tembo si watalipitia tu?

Fundi Turubai

Lisimamishe uani, turubai lisiwekwe juu. Mwagia kwa mpira wa maji dakika 20, ukielekeza juu kama mvua na si kulipiga kama unaosha gari. Mtu mmoja akae ndani na tochi na chaki, kila tone analoona alizungushie duara. Kikauke, paka gundi, rudia. Lifanye wiki mbili kabla, maana duka halibadilishi hema siku ya safari. Pia mtajifunza kulisimamisha: mtu mzima mmoja na yule wa miaka 11, ndani ya dakika 15, kwa sababu mnaweza kufika jioni.

Wanyama hawaogopi unene wa kitambaa, hema ghali na rahisi ni sawa kwao. Wanachofuata ni harufu. Chakula, hata biskuti na dawa ya meno ya watoto yenye ladha ya matunda, kikae garini na vioo vimepandishwa. Nyani wa Mikumi anachana hema kwa sababu ya ndizi moja. Pale kambi ya Simba pundamilia na nyati hula majani kati ya mahema, na tembo huja kunywa kwenye tangi. Zipu zifungwe, msitoke kuwaangalia. Ndoo yenye mfuniko iwepo ndani kwa ajili ya haja ya usiku ya watoto.

Kipupwe

Na mkirudi Dar, msiliache ndani ya mfuko wake. Lianikeni kivulini siku nzima likauke hadi kwenye pindo za sakafu, halafu lihifadhiwe likiwa limelegea ndani ya shuka la zamani. Kwa unyevu wa huku, hema lililofungwa bichi linapata ukungu mweusi ndani ya siku chache, na ule mpako wa ndani unaanza kunata na kunuka. Likifikia hapo halizibiki tena.