Naomba ushauri: mama Vihiga, dada Tamale, simu hazipatani

Wadau habari zenu, niko Vihiga, Kenya, naomba mawazo. Dada yangu ameolewa Ghana, kijiji kiko nje ya Tamale, na huko wako nyuma yetu masaa matatu. Sasa mama akishamaliza kukamua na kula ugali wake saa mbili usiku ndio anataka kupiga simu, na kwa dada hiyo ni saa kumi na moja jioni, bado anachota maji na kupika. Yeye akitulia saa tatu usiku huku ni saa sita, mama alishalala kitambo anakoroma. Juzi amenuna eti binti ana maringo siku hizi!

Halafu anataka twende Desemba. Mi naona si poa, kule mvua ni msimu mmoja tu, kama Mei mpaka Oktoba, si kama sisi wa kupanda mahindi mara mbili, Desemba ni ukavu na vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa kutoka Sahara, na mama ana pumu. Kuna mtu ashaenda miezi hiyo? Ama nimwambie tungoje Agosti kukiwa kijani? Na simu je, Jumapili mchana itawafaa wote?