Mtoto wa mbwa kafa kwa parvo, mwingine aletwe lini?

Kijana wa Goba: Wakuu habarini. Mtoto wetu wa mbwa kafa kwa parvo, ule ugonjwa wa kutapika na kuhara damu, daktari kapima kinyesi na kuthibitisha. Watoto wanalilia mwingine. Nyumba nimeideki mara tatu kwa dawa ya kunukia. Nisubiri muda gani?

Fundi Banda: Hiyo dawa imekupa harufu tu. Kirusi cha parvo hakina lile gamba la mafuta, ndiyo maana sabuni na dawa nyingi za sakafu hazikiui. Anza na sabuni na brashi mpaka uchafu wote utoke, maana Jik ikikutana na kinyesi nguvu yake inaishia hapo. Kisha nusu lita ya Jik ya asilimia 3.5 kwenye maji lita 10. Sakafu ibaki imelowa dakika 10, ndipo usuuze. Changanya ya kutumia siku hiyo hiyo, na usiiweke pamoja na dawa ya choo yenye asidi, utavuta gesi ya klorini. Hiyo ni kwa saruji na vigae tu.

Mama Nyau: Fuga paka, mambo yaishe.

Fundi Banda: Paka ana parvo yake, na aina za sasa za mbwa zinampata pia.

Al-Tangawi: Mbwa ni wa nje jamani. Mnawalaza sebuleni halafu mnashangaa.

Daktari wa Ng'ombe: Mkuu, alikufa lini, alikuwa anashinda wapi, na chanjo alipata?

Kijana wa Goba: Siku 12 sasa. Alikuwa anashinda chini ya mwembe. Chanjo alipata, muuzaji alisema.

Daktari wa Ng'ombe: Basi tatizo lako ni mwembe. Udongo haudekiwi, na kivulini kirusi kinaweza kukaa mwaka. Kwenye jua kinawahi kufa, ila bado ni miezi. Chukua mbwa mkubwa mwenye chanjo kamili, zikishapita wiki 2 tangu sindano ya mwisho. Mtoto, hapana.

Kijana wa Goba: Kusema kweli ameshafika. Juzi. Ana wiki 7, kwa yule yule muuzaji. Nisingemchukua angechukuliwa, na huyu kadi anayo.

Mpima Chai: Chai hii. Uzi umeanza "aletwe lini", sasa yuko ndani tangu juzi. Subirini, namba ya simu ya muuza mbwa inakuja.

Kijana wa Goba: Siuzi kitu bro. Niliona aibu kusema. Kadi hii hapa: "chanjo 1", kalamu ya bluu, tarehe ya wiki 3 zilizopita. Stika hamna.

Mpima Chai: Wiki 7 toa 3. Kachanjwa na wiki 4?

Daktari wa Ng'ombe: Chai au si chai, hesabu hiyo ni ya kweli mitaani. Kadi halali ina stika ya kichupa yenye namba ya toleo. Huenda kapewa dawa ya minyoo ikaitwa chanjo. Na hata ingekuwa chanjo, kwa wiki 4 kinga ya maziwa ya mama huizima. Anza upya: wiki ya 7, 10, 13 na 16. Usiishie ya pili kisa anaonekana mzima. Kinga ya mama hupotea kwa tarehe tofauti kwa kila mtoto, na sindano ya mwisho ndiyo inayowaokoa wengi. Dawa itoke kwenye friji, si kwenye mfuko wa koti. Mpaka hapo akae kwenye saruji, viatu vya nje vibaki mlangoni. Dalili huja siku 3 hadi 7, wakati mwingine 14. Akikataa chakula tu, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje damu.

Kijana wa Goba: Na banda? Ni la mbao, fundi nilimlipa elfu 80.

Fundi Banda: Mbao inanyonya. Choma, na gunia alilolalia, na kamba.

Kijana wa Goba: Kamba ndiyo aliyofungiwa huyu sasa hivi. Chini ya mwembe. Ngoja nikamtoe.