Miezi saba mzee anaambiwa barua haipo, kumbe wameifaili "Mambo Mchanganyiko"!!

Wakuu salaam. Leo nimekereka haswa, mnivumilie.

Mzee wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kastaafu mwaka jana alivyotimiza 60. Mafao yanataka barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini na ya cheo cha mwisho. Masjala ya halmashauri, yaani ofisi inayotunza majalada, wakafungua jalada lake binafsi, ya kuthibitishwa haimo. "Mzee lete nakala yako." Nakala ya 1989 ataitoa wapi jamani, nyumba yenyewe imeshaezuliwa paa mara mbili, na kutunza kumbukumbu za ajira si kazi ya mwajiri??

Basi miezi saba mzee anadamka saa kumi na moja kuwahi basi, anakaa kwenye benchi la korido, mara njoo Jumatatu mara mwenye funguo yuko semina.

Wiki iliyopita ndo dada mmoja mgeni pale masjala kaamua kupekua jalada moja moja. Kaikuta kwenye jalada la Mambo Mchanganyiko, lile la barua zisizo na jalada lake, folio 47 (yaani karatasi ya 47 humo ndani), namba imeandikwa kwa wino mwekundu ulioanza kupauka, juu yake ankara ya dizeli ya jenereta, chini yake maombi ya kuazima turubai. Na barua ina kichwa cha habari kwa herufi kubwa kabisa: KUTHIBITISHWA KAZINI, na jina la mzee lipo! Sasa huyo aliyeipa folio aliisoma kweli?

Kuainisha barua maana yake uisome, ujue inahusu shughuli gani, uangalie orodha ya majalada ndo uipeleke kwake, na kama inagusa mambo mawili basi nakala iende na jalada la pili. Hapa kila kinachowashinda kinatupwa Mchanganyiko, limekuwa dampo. Halafu nilipoomba tu kuona orodha ya majalada naambiwa ni SIRI. Siri ya nini?! Muhuri wa SIRI ni wa jambo ambalo likivuja lina madhara, sio wa kufichia uzembe.

Na simlaumu karani peke yake. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo tangu 2002 na jukumu la kutunza kumbukumbu imempa mkuu wa ofisi, lakini wakuu wenyewe masjala wanaiona ni pa kumpeleka mtu waliyekosana naye, chumba hakina hata feni, majalada yako sakafuni. Sasa hivi wanaskani kila kitu waingize kwenye mfumo, yaani ile folio 47 ingeskaniwa hivyo hivyo na turubai lake na ndo ingepotea mazima.

Mwenye mzazi anayekaribia kustaafu asisubiri, aende utumishi sasa hivi, jalada likaguliwe folio moja moja yeye akiwepo. Na nyie mnaofanya kazi masjala humu, hebu semeni, ofisini kwenu Mchanganyiko limefika juzuu la ngapi?