Naomba ushauri: nimjibu nini binti yangu kuhusu Susan wa Narnia?

Habari zenu ndugu. Binti yangu wa miaka 11 amemaliza The Last Battle ya C. S. Lewis (1956), kitabu cha mwisho cha mfululizo wa hadithi za Narnia, nchi ya kichawi, na swali lake limenishinda: kwa nini Susan, aliyekuwa malkia huko, aachwe nje wakati ndugu zake wanaingia nchi mpya, baada ya Narnia kufikia mwisho? Inaelezwa kwamba siku hizi hajali kitu ila soksi za nailoni, rangi ya mdomo na mialiko. Mtoto ameelewa kwamba kosa la Susan ni kukua. Linaniuma, maana mwenyewe ndiyo kwanza anaanza kubalehe.

Wapo wanaosema kosa ni kuikana Narnia, si kujipamba. Huenda, ila mtoto hasomi hivyo.

Nafikiria kumpa Northern Lights ya Philip Pullman (1995). Humo kila mtu ana daimoni, nafsi yake katika umbo la mnyama; ya mtoto hubadilika-badilika, ya mtu mzima hutulia. Wenye mamlaka, kwa kuogopa dhambi, wanawatenganisha watoto na daimoni zao kabla hawajakua. Lawama iko kwa wenye nguvu, na hilo nalipenda, lakini ukatili wake ni mzito. Au A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968), ambamo kijana mwenye kipaji anafungulia kivuli kwa majivuno, kisha inambidi akikabili mwenyewe.

Mliosoma na watoto wa umri huu, mngeanza na kipi? Na kuhusu Susan, nimweleze ninavyoona mimi au nimwache abishane na kitabu mwenyewe?