Wakuu nishaurini kuhusu saa ya skeletoni, nataka ya kuvaa kila siku

Mwenye uzi
Habari za humu wakuu. Nimejibana miaka sita naweka kidogo kidogo kwa ajili ya kitu kimoja tu, saa ya maana ya mkononi, sasa hela imetimia roho ndo inasita. Nazipenda hizi za skeletoni, zile zilizotolewa uso unaona mashine yote mpaka upande wa pili, gia zinasukumana, springi ndogo inajikunja na kujikunjua, naweza kukodolea macho hata robo saa nzima. Zimebaki tatu kichwani. Ya kwanza Cartier Santos skeletoni ya mtumba, ile ambayo namba zake za Kirumi ndo hizohizo zimeshikilia mashine. Ya pili Tissot T-Complication Squelette, hapa hela nyingi itabaki. Ya tatu nimeonyeshwa na mtu, kampuni yake siijui kabisa, ila mbele imeandikwa Tourbillon na bei iko chini kuliko zote. Kazini naenda na pikipiki kila siku na macho yangu si kama zamani. Nichukue ipi? Na zinahimili kweli au ni za kuweka kabatini?

Jibu #1
Mkuu anza kwa kuitoa hiyo ya tatu. Turbiyoni ni kazi nzito, fundi saa Breguet aliipatia hataza mwaka 1801, maana yake gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi kupima muda, na vifaa vinavyoliendesha vimewekwa ndani ya kizimba na kizimba chenyewe kinazunguka, nyingi ni duru moja kwa dakika. Mwambie muuzaji akutumie video ya dakika moja bila kukata. Ukiona kizimba kizima kimezunguka, sawa. Ukiona gurudumu tu linakwenda na kurudi palepale basi hiyo ni saa ya kawaida iliyotobolewa dirisha. Saa ya kawaida haina ubaya wowote, ila mtu aliyeandika uongo usoni, huko ndani usikokuona amefanyaje?

Jibu #2
Mimi ni fundi saa, ngoja niseme nnachokiona mezani. Skeletoni inapatikana kwa kupunguza chuma, unakata bamba la mashine na madaraja yanayoshika gia mpaka inabaki mifupa, lakini kila ekseli lazima ibaki palepale ilipokuwa, ikisogea hata unywele saa inasumbua. Ndo maana iliyokatwa vizuri ni ghali, unalipia chuma ambacho hakipo. Ukienda kuiona nenda na lenzi ya kukuza mara 10, angalia kona za ndani, pale kingo mbili zinapokutana. Mashine ya kukatia inaacha kona ya mviringo, kona kali iliyochongoka vizuri na kung'aa ni mkono wa mtu na tupa yake, hakuna njia ya mkato hapo. Baada ya hapo angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka ujue imeshafunguliwa na mtu mwenye haraka, na kwenye skeletoni hakuna pa kuficha, kila mkwaruzo na kila chembe ya vumbi utaiona kila siku mpaka ikukere. Kwa mtumba huo ndo uchunguzi wangu wa kwanza kabla hata ya makaratasi.
Pikipiki mimi sishauri, ivue uweke mfuko wa ndani.

Jibu #3
Fundi nakuheshimu ila hapo kwenye pikipiki tupishane kidogo. Yangu ni ya skeletoni na naendesha nayo mwaka wa nne, haijapotea zaidi ya sekunde chache kwa siku. Ninachokwepa ni kugonga nyundo na mashine za kutoboa ukuta. Kilichowahi kunisumbua ni sumaku, niliiweka juu ya spika usiku, asubuhi inakimbia dakika kadhaa mbele, nikadhani imekufa kumbe fundi kaitoa sumaku kwa muda mfupi tu ikarudi.

Jibu #2 (fundi)
Mtikisiko wa kawaida wa injini sawa, nakubali. Mimi naogopa siku ya kuanguka, ekseli ya gurudumu la mizani ni nyembamba sana.

Jibu #4
Kaka mimi swali langu ni moja, wewe saa unaitumia kufanyia nini? Maana hiyo Santos haina mshale wa sekunde, ni saa na dakika tu, usije ukalipa ndo ukagundua. Uzuri wake ukiijaza vizuri inatembea kama saa 72, unaweza kuiacha wikendi nzima. Tissot mashine yake ni ya ukoo wa ETA 6497 (ETA ni kiwanda cha mashine za saa), zilianzia kwenye saa za mfukoni kwa hiyo ni kubwa, kila kitu kinaonekana, na mafundi wengi wanaijua. Na kwa kuwa umesema macho, usiijaribu chini ya taa za dukani zinazong'aa, toka nayo nje jioni, nyoosha mkono, tazama mara moja tu. Mishale ikipotelea kwenye gia achana nayo hata kama imekuteka. Jambo dogo jingine, nyuma ni wazi pia, ngozi na nywele za mkono zitaonekana katikati ya mashine, wengine hawapendi.

Mwenye uzi
Nashukuruni sana, dada wa jibu #4 umenigusa. Video ya ile ya tatu imekuja, gurudumu linakwenda na kurudi palepale, nimeshamwambia muuzaji asante hapana. Leo jioni nimeijaribu Santos nje kama mlivyosema, niliisoma mara moja bila shida kwa sababu zile namba ni kubwa na ndo mwili wenyewe wa mashine. Tissot ilibidi niitazame mara mbili. Ila kwenye Santos skrubu mbili za nyuma zina mikwaruzo, nimepiga picha kwa lenzi, fundi naweka hapa chini nisaidie, hii ni ya kukimbia au ya kuombea ipunguzwe bei?