Mapato ya msimu na doa la CRB: benki ina haki kutunyima mkopo wa nyumba?

Nahodha wa Muyeye
Nataka hukumu ya baraza, lakini hoja, si kejeli. Mimi ni mtu wa boti hapa Malindi. Disemba mpaka Machi wageni wanapojaa, mwezi haushuki elfu 120. Julai mpaka Septemba, kama elfu 70. Miezi mitano iliyobaki ikifika elfu 12 nasema alhamdulillahi. Mei boti iko mchangani inapakwa rangi, na mimi niko kivulini naitazama.

Nimepata nyumba ya vyumba viwili Maweni, ina hatimiliki, mwenyewe ataka milioni 3.4. Nina laki sita za arubuni. Nikaenda benki moja kuomba milioni 2.8. Swali la kwanza: pesilipu, ile karatasi ya mshahara. Nikamwambia yule kijana, pesilipu yangu ni bahari. Hakucheka. Swali la pili: CRB, lile daftari la taarifa za mikopo linaloonyesha nani alilipa na nani alishindwa. Machi 2020 ndege zilipositishwa kwa sababu ya korona nilikuwa na mikopo miwili ya simu, yote pamoja haifiki elfu 9. Nikashindwa. Nimemaliza kulipa 2022, cheti ninacho. Kijana akatazama kompyuta akasema "mfumo umekukataa". Mtu ameshalipa, adhabu ya nini tena?

Karani Mstaafu
Nimekaa meza ya mikopo miaka 19. Pesa ya benki si ya benki, ni ya mjane aliyeweka akiba yake. Cheti chako chasema hudaiwi, hakisemi hukuwahi kushindwa. Taarifa ya deni bovu hukaa miaka mitano tangu siku uliyomaliza kulipa, kwa hivyo wewe bado umo mpaka 2027. La pili, hizo elfu 120 ni kabla ya petroli na mabaharia, au baada? Mkaguzi huchukua stetimenti ya miezi 12, na jicho lake liko Mei, haliko Disemba. Na tusifichane, vijana wa msimu nawajua. Disemba mishikaki na muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, kwa kila mtu, Mei kumpigia shemeji simu.

Nahodha wa Muyeye
Muguka? Mzee wangu, umeniona wapi mimi na muguka? Nina watoto watatu, wawili wako madrasa. Nimekuja na swali la nyumba nimeondoka na jina la mtafunaji.

Tuktuk ya Ngala
Hapo mzee ametukosea sote. Ukiwa huna pesilipu basi wewe ni wa muguka. Na hao wenye pesilipu wanaonipangia foleni jioni niwashushe kwa muuzaji ni kina nani? Nikianza kutaja ofisi hapa patawaka moto.

Mwana wa Shela
Muguka si ilipigwa marufuku kaunti yenu ya Kilifi?

Tuktuk ya Ngala
Ilipigwa Mei 2024, Mombasa kwanza kisha sisi. Mahakama kule Embu ikasimamisha. Leo inauzwa mchana kweupe.

Mama Mahamri
Wanaume, nyumba imeshaanguka mnagombania majani. Nahodha, nikuulize mimi: mkeo ajua kama wataka kuweka rehani? Maana Sheria ya Ardhi ya 2012 iko wazi, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenza. Benki itamwita atie sahihi.

Nahodha wa Muyeye
Bi Mahamri, nyumba bado sijainunua na ushaniingilia ndani.

Mama Mahamri
Basi hajui.

Mwalimu wa Gede
Nitasema ambalo halitapendwa. Mimi nina mshahara na nilipewa mkopo wa nyumba bila mizozo. Siri ni nidhamu. Deni la simu la elfu 9 lamshinda mtu, halafu ataka kupewa milioni 2.8? Aliyeshindwa na ndoo atabeba pipa?

Tuktuk ya Ngala
Mwalimu, tarehe 25 ya kila mwezi nakubeba kwa deni mpaka mshahara uingie. Nidhamu gani? Nyinyi hamlipi kwa kupenda, mnakatwa kabla hamjaiona pesa. Isingekuwa sheria ya kwamba lazima ibaki theluthi ya mshahara, ungekuwa walala kwenye tuktuk yangu.

Mwalimu wa Gede
Nimekulipa. Kila mara. Na jambo la kwenye tuktuk hubaki kwenye tuktuk, huo ndio ustaarabu. Hivi ndivyo mnavyopoteza wateja.

Bi Hesabu
Naomba dakika moja, nimekaa na kalamu. Miezi 4 mara 120,000, miezi 3 mara 70,000, miezi 5 mara 12,000. Mwaka ni 750,000, wastani 62,500 kwa mwezi. Mkopo wa milioni 2.8 kwa miaka 20, riba ikiwa asilimia 15, ni karibu 37,000 kila mwezi. Ikiwa asilimia 9.5 ni kama 26,000. Tofauti ya elfu 11 yaweza kulisha nyumba. Ndiyo maana wanaojua huuliza benki au SACCO, chama cha akiba na mikopo, inayopata fedha kupitia KMRC, lile shirika lililoanzishwa ili wakopeshaji wapate fedha za muda mrefu kwa bei nafuu na mwananchi akopeshwe kwa riba ya tarakimu moja. Hata kijana wa kaunta pengine hajui, mwombe meneja.

Lakini shida ya Nahodha si wastani. Shida ni Mei, ana elfu 12 na anadaiwa 26,000. Kwa nini malipo yasifuate msimu? Mkulima wa chai hupata bonasi yake kubwa mara moja kwa mwaka na SACCO zao huko bara zinamkopesha kwa kuitegemea. Mvuvi na nahodha wana kosa gani? Alipe mara mbili Januari, kidogo Mei.

Tuktuk ya Ngala
Ndiyo hayo! Mtu wa bara na chai yake ni mkulima, sisi na bahari yetu ni wazururaji. Na hiyo muguka pia yatoka kwao.

Karani Mstaafu
Bi Hesabu amesema jambo zuri, nanyi mmelirukia neno "bara" peke yake. Mkulima wa chai, bonasi yake hupita kwenye akaunti ya SACCO kabla haijafika mfukoni. Pesa ya Nahodha ni noti za yuro mkononi. Benki haiwezi kuhesabu isichokiona. Na swali langu la petroli halijajibiwa.

Msamaha Kamili
Mbona mwasumbuka na CRB? Rais alishaifuta.

Bi Hesabu
Haikufutwa. Novemba 2022 Benki Kuu ilitoa mpango wa mikopo ya simu: mkopeshaji apunguze angalau nusu ya deni bovu, wewe ulipe lililobaki mpaka mwisho wa Mei 2023. Huo mlango ulishafungwa. La kukumbuka ni kanuni za CRB za 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi CRB, na ripoti yako una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Nahodha, itoe uisome mstari kwa mstari. Watu hulipa na deni hubaki limeandikwa wazi kwa sababu mkopeshaji hakupeleka taarifa.

Mwana wa Shela
Mimi niko Lamu, nawasoma tangu asubuhi. Asilimia 15, asilimia 9.5, hakuna hata mmoja aliyetamka neno riba kwa jina lake. Nyinyi wa Malindi Waitaliano wamewasahaulisha. Yeo hii kuna benki za Kiislamu nti hii tangu 2008. Benki yanunua nyumba, yakuuzia kwa bei ya juu kidogo inayojulikana, walipa kwa awamu. Au mwashirikiana, kila ulipapo fungu lako lakua na lao lapungua mpaka nyumba yote ni yako.

Tuktuk ya Ngala
Nilikwenda kwa hao mwaka juzi, kutaka tuktuk ya pili tu, si nyumba. Nikakaribishwa kwa salamu ndefu, nikapewa na tende. Kisha? Pesilipu. Kisha? CRB. Jina la Kiarabu, karani yule yule.

Mwana wa Shela
Hawawezi kukupa mali ya watu kwa salamu. Lakini faida ya biashara si riba, usizichanganye.

Mwalimu wa Gede
Shekhe, nyumba ya milioni 3 nikiuziwa kwa milioni 6 kwa miaka 20, hiyo ni riba iliyovaa kanzu.

Mwana wa Shela
Kanzu yangu iache, Mwalimu. Bei ikishakubaliwa haipandi, huko kwako yapanda Benki Kuu ikikohoa. Muulize aliyekuwa na mkopo Februari 2024 riba ya Benki Kuu ilipofika asilimia 13.

Mwalimu wa Gede
Na ilipoteremka, 2025, wangu ulipungua. Wako ungepungua?

Mwana wa Shela
Nitakujibu baada ya Isha.

Mama Mahamri
Hajajibu mpaka sasa, na Isha ni ya jana.

Mimi biashara yangu ni mahamri na mbaazi, pesilipu yangu ni moshi. Nilikopa SACCO mara tatu ya akiba yangu, wadhamini wanne, nikajenga chumba kimoja. Nikalipa. Nikakopa tena, cha pili. Miaka tisa, vyumba vitatu na choo. Ubaya wa SACCO ni mmoja: nami nilimdhamini mtu, akahamia Mpeketoni, deni nikalilipa mimi. Lakini hakuna aliyeniambia "mfumo umekukataa". Aliyenikataa alikuwa na uso, nikamrudia wiki iliyofuata, akachoka.

Mwana wa Shela
Hapo bi amesema. Huku kwetu mji wa kale nyumba zilipanda dari juu ya dari, binti akiolewa ajengewa juu ya mamake. Hakuna aliyekwenda benki.

Tuktuk ya Ngala
Walikuwa na biashara ya jahazi mpaka Arabuni, shekhe. Mimi nabeba abiria mpaka stendi ya matatu.

Karani Mstaafu
Nahodha, nimetoa neno langu la muguka, nisamehe, halikuwa na mahali. Sasa nijibu. Petroli?

Nahodha wa Muyeye
Kabla.

Bi Hesabu
Kabla ya petroli na mabaharia wote?

Nahodha wa Muyeye
Ndiyo. Nikiwalipa vijana wawili na mafuta, Disemba yabaki kama elfu 65.

Bi Hesabu
Basi hesabu yangu yote ya juu ifuteni.

Karani Mstaafu
Usivunjike moyo. Kuanzia msimu huu, kila noti ya mgeni ipitie benki siku ile ile, hata kama utaitoa kesho. Andika daftari, mafuta upande mmoja, mabaharia upande mmoja. Disemba mbili hivyo, na 2027 jina linasafika. Uje na arubuni ya milioni badala ya laki sita, uombe kidogo zaidi. Nitakusindikiza mwenyewe.

Nahodha wa Muyeye
Mwenye nyumba ya Maweni hatanisubiri mpaka 2027, mzee. Shukrani lakini. Jamani, nani anajua kiwanja Ganda au Mambrui, chenye hati, cha kulipa kidogo kidogo? Nitaanza na chumba kimoja.

Mama Mahamri
Ganda nipo na habari. Njoo nyumbani. Njoo na mkeo.

Msamaha Kamili
Kwa hivyo CRB ilifutwa au haikufutwa?

Tuktuk ya Ngala
Huyu ndiye wa muguka.